Habari za Maajabu ya Sayansi: Tuzipime Kabla ya Kuzifikisha Msikitini

Shukrani zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, ni nadra siku hizi kupita wiki bila ya misikiti yetu kupokea habari ya ajabu ya kisayansi. Huyu ameletewa katika simu picha ya nyota za mbali, yule amesoma kwamba wataalamu wa nchi fulani wamethibitisha jambo lililotajwa katika dini yetu, na mwingine amepata habari ya dawa mpya ya kisukari. Habari hizo husomwa baada ya swala ya Alasiri, huingia katika darsa za akina mama, na mara nyingine hupanda hadi juu ya mimbari.

Hatuandiki haya kuwazuia watu wasiipende elimu hiyo. Kutazama viumbe na kuzingatia ni ibada, na Umma unaofumba macho mbele ya elimu za ulimwengu hauwezi kusimama. Tunachotaka kukisema ni kimoja: habari ya sayansi inayoletwa msikitini ipimwe kwanza, na ipimwe kwa ukali uleule ambao maulamaa wetu waliutumia kuzipima riwaya. Habari ya uongo inayosimuliwa kwa ajili ya kuitetea dini inaidhuru dini zaidi ya maneno ya mwenye kuipinga.

HABARI TATU ZILIZOENEA

Tuanze na ile ya mwezini. Mwezi wa Julai 1969, Neil Armstrong alikuwa mwanadamu wa kwanza kuukanyaga mwezi. Baada ya miaka kadhaa ikaenea katika nchi nyingi za Kiislamu, kuanzia Misri hadi Indonesia, habari kwamba akiwa huko alisikia sauti asiyoijua, na aliporejea duniani akaja kuitambua kuwa ni adhana, basi akasilimu. Habari hiyo ilishika kasi hata mwaka 1983 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikazipelekea balozi zake maelezo kwamba Armstrong mwenyewe amesema hakusilimu, na kwamba hakusudii kumvunjia heshima mtu yeyote. Alifariki mwaka 2012, lakini habari hiyo ingali inasimuliwa. Wapo wanaoongeza kuwa alihamia Lebanon. Ukweli ni kwamba alikuwa na shamba karibu na mji mdogo uitwao Lebanon, ulioko katika jimbo la Ohio, hukohuko Marekani! Na kila aliyesoma fizikia ya sekondari anajua kwamba sauti haisafiri pasipokuwa na hewa au kitu kingine cha kuibeba, na mwezini hakuna hewa ya kuibeba.

Ya pili ni ile inayorudi takriban kila mwezi wa Agosti, ya kwamba sayari ya Mirihi itaonekana angani kwa ukubwa wa mwezi mpevu, na watu watadhani wanaona miezi miwili. Habari hii ina asili ya kweli. Tarehe 27 Agosti 2003 Mirihi iliikaribia dunia hadi kufikia umbali wa kilometa zipatazo milioni 56, ukaribu ambao haukuwahi kutokea kwa takriban miaka 60,000. Ujumbe wa mwanzo ulieleza kuwa mtu akiitazama Mirihi kwa darubini inayokuza mara 75, ataiona kwa ukubwa ule ambao mwezi mpevu unaonekana kwa jicho tupu. Wapokezi wakaipitisha habari kutoka mkono hadi mkono, darubini ikaanguka njiani, na mwaka nao ukafutika. Kilichobaki ni uongo uliojengwa kwa maneno ambayo mengi yake yalikuwa kweli.

Ya tatu ni picha. Inaonyesha ufa mrefu katika uso wa mwezi, na chini yake huandikwa kwamba wataalamu wa anga wa Marekani wamekiri kuwa hiyo ndiyo alama ya mwezi kupasuka zama za Mtume (S.A.W.). Picha yenyewe ni ya kweli. Ilipigwa na wanaanga wa Apollo 10 mwaka 1969, nao ufa huo unaitwa Rima Ariadaeus. Lakini urefu wake ni kilometa zipatazo 300, ilhali mzingo wa mwezi ni karibu kilometa 10,900. Hauuzunguki mwezi, na wala haufikii hata sehemu moja ya thelathini ya mzingo huo. Wataalamu wanaueleza kuwa ni ukanda wa ardhi uliozama kati ya nyufa mbili zilizo sambamba, na mwezini iko mifereji mingine ya namna hiyo. Muislamu anayeuamini muujiza wa kupasuka kwa mwezi anauamini kwa sababu umetajwa katika Qur'ani na umepokewa katika hadithi sahihi. Imani hiyo ilikuwapo karne nyingi kabla ya kamera kuvumbuliwa. Ni nani basi aliyetuambia kwamba inahitaji picha hii?

MADHARA YAKE

Huenda msomaji akasema: hayo ni mambo madogo, na wanaoyasambaza wana nia njema. Sisi tunaofundisha vijana hatuyaoni kuwa ni madogo. Tumepata kuulizwa na kijana wa sekondari, mwenye bidii katika swala zake, kuhusu kisa hicho cha adhana mwezini. Alikisikia tangu utotoni kwa mtu anayemheshimu, kisha akakichunguza mwenyewe akakuta hakina msingi. Swali lake halikuwa juu ya Armstrong. Aliuliza kama mengine aliyofundishwa na mtu yuleyule nayo yako hivyohivyo. Hilo ndilo shimo tunalolichimba kwa mikono yetu. Mtoto aliyefungiwa imani yake kwenye kamba iliyooza, siku kamba itakapokatika atadhani ni imani ndiyo iliyokatika.

Na upo upande wa dawa, ambao madhara yake hayasubiri mtoto akue. Tumewaona watu wazima walioacha vidonge vya shinikizo la damu kwa sababu ya ujumbe uliosema kuwa majani fulani yanatosha, na kwamba hospitali zinaficha siri hiyo. Ujumbe haukuwa na jina la aliyefanya uchunguzi, wala mahali, wala mwaka. Mwenye kuusambaza alikusudia thawabu. Lakini je, aliyepooza kwa sababu hiyo atamdai nani?

Ama hoja ya nia njema, maulamaa wa hadithi walikwishaijibu zamani. Vitabu vyao vinawataja watu waliozua hadithi za fadhila za sura za Qur'ani, wakidai kwamba wanawavuta watu waipende Qur'ani. Nia hiyo haikuwaokoa. Walihesabiwa kuwa ni waongo, na riwaya zao zikatupwa.

WANASAYANSI WENYEWE WANAPIMAJE?

Jambo la kusikitisha ni kwamba sisi tunaisambaza habari ya sayansi kwa haraka ambayo wanasayansi wenyewe hawaikubali. Tutoe mifano.

Tarehe 23 Septemba 2011 kundi la watafiti liitwalo OPERA lilitoa habari iliyoushtua ulimwengu. Walikuwa wakipima chembe ndogo mno ziitwazo nyutrino, zinazotoka katika kituo cha CERN karibu na Geneva, zikapita ndani ya ardhi hadi kufika chini ya mlima wa Gran Sasso nchini Italia, masafa ya kilometa zipatazo 730. Vipimo vyao vya miaka mitatu vilionyesha kuwa chembe hizo zinafika mapema kuliko ambavyo nuru ingefika, kwa sehemu 60 za bilioni moja za sekunde. Kama ingekuwa kweli, msingi mmojawapo wa fizikia ya karne nzima ungevunjika. Wao hawakutangaza ushindi. Waliweka wazi vipimo vyao, wakawataka wenzao duniani wawatafutie kosa. Mwaka 2012 kosa likapatikana: waya mmoja unaopitisha nuru haukuwa umebanwa vizuri katika chombo cha kupimia muda. Nyutrino hazikuishinda nuru.

Mfano wa pili unahusu ugunduzi uliosimama. Mnamo tarehe 14 Septemba 2015 vituo viwili vya LIGO huko Marekani, vilivyo umbali wa kilometa zipatazo 3,000 kimoja kutoka kingine, vilinasa mtikisiko uleule kwa tofauti ya sehemu saba za elfu moja za sekunde. Yalikuwa ni mawimbi ya uvutano, yaliyotokana na kugongana na kuungana kwa mashimo meusi mawili, kila moja likiwa na uzito wa takriban mara 30 wa jua letu, katika masafa ambayo nuru huyasafiri kwa zaidi ya miaka bilioni moja. Mtikisiko wenyewe ulikuwa mdogo kuliko upana wa kiini cha atomu. Watafiti walikaa na habari hiyo kwa miezi mitano, wakiikagua, kabla ya kuutangazia ulimwengu tarehe 11 Februari 2016.

Kilichotuvutia zaidi ni jambo walilolifanya kabla ya hapo. Mwaka 2010 wachache miongoni mwao waliingiza kwa siri katika vyombo ishara ya bandia, ili kuona kama wenzao wataitambua na kuichunguza ipasavyo. Mamia ya watafiti waliifanyia kazi ishara ile kwa miezi mingi na kuandaa maandishi ya kuitangaza, hadi bahasha ya siri ilipofunguliwa mwezi wa Machi 2011 na wakaambiwa kuwa ilikuwa ni mtihani. Walijua tangu mwanzo kwamba mtihani wa namna hiyo unaweza kuwapo, na waliukubali. Watu hawa wanajitega wenyewe ili wasidanganyike. Sisi je, tunashindwa hata kuuliza nani ameandika?

DAWA YA MSETO NA KITABU CHA KALE

Wapo watakaodhani kuwa tunadharau elimu za kale na dawa za mitishamba. La hasha. Dawa ya mseto ya malaria, ambayo kila mzazi katika nchi zetu anaijua, ina asili katika mmea wa jamii ya pakanga. Mwaka 1969 mtaalamu wa dawa wa China, Bibi Tu Youyou, alipewa kazi ya kutafuta tiba ya malaria. Yeye na wenzake walikusanya maelekezo ya tiba za kienyeji yapatayo 2,000 na kuyajaribu. Mmea ule wa pakanga ulionyesha dalili njema, kisha matokeo yake yakawa hayatulii. Akarejea katika kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya nne, akakuta kwamba tabibu huyo alielekeza mmea uloweshwe na kukamuliwa, wala hakutaja kuuchemsha. Akatambua kuwa huenda ni moto unaoiharibu dawa. Akaikamua kwa kimiminika kinachochemka kwenye joto dogo, na mwezi wa Oktoba 1971 dawa ile ikawaangamiza vimelea vyote vya malaria katika panya wa maabara.

Hakuishia hapo. Kabla ya kuwapa wagonjwa mwaka 1972, yeye na wenzake waliinywa kwanza ili kuhakikisha kuwa haina madhara kwa binadamu. Mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Tazama ndugu yangu: kitabu cha kale kilikuwa na faida, lakini faida hiyo ilitolewa na mtu aliyekisoma neno kwa neno kisha akakijaribu. Angetosheka kusema kwamba wazee walisema, watoto wengi wa Afrika wasingekuwa hai leo.

MWANAFUNZI WA MAGAMBA

Kupima si kukataa kila jipya. Kosa hilo nalo lipo, na mfano wake umetoka kwetu. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa kuhofia kukosa nafasi katika jokofu, aliyaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyotangulia kupoa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia kuwa amechanganyikiwa, na wenzake wakamcheka. Baadaye, alipokuwa anasoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyewatembelea kutoka Dar es Salaam. Wanafunzi wakacheka tena. Osborne hakucheka wala hakusadiki papo hapo. Alirudi chuoni akaagiza jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 makala ya wawili hao ikachapishwa. Leo jambo hilo linajulikana duniani kote kwa jina la Mpemba.

Na kupima hakukukoma hapo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia majaribio kwa uangalifu, wakasema hawakupata ushahidi wa kutosha kuwa maji ya moto hutangulia kuganda. Mwaka 2020 watafiti wengine huko Canada wakaonyesha, kwa kutumia chembe ndogo sana iliyo ndani ya maji, kwamba kitu chenye joto zaidi kinaweza kweli kupoa haraka zaidi katika mazingira maalumu. Mjadala unaendelea, na hakuna anayeona kuwa Mpemba amevunjiwa heshima kwa kazi yake kukaguliwa.

MIZANI TUNAYO WENYEWE

Ndugu zetu, hii si adabu ngeni ya kuiazima. Aya ya sita ya Suratul Hujurat imetuwekea wajibu wa kuichunguza habari inayoletwa na mtu asiyeaminika. Maulamaa wetu wakajenga juu ya msingi huo elimu nzima: wakaitazama isnadi, wakamjua kila mpokezi kwa uaminifu wake na hifadhi yake, kisha wakaitazama matini yenyewe. Wakatenga iliyo sahihi, iliyo hasani, iliyo dhaifu na iliyozuliwa. Na katika elimu za ulimwengu, Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufariki Cairo mnamo mwaka 1040, hakutosheka na kauli za wakubwa waliomtangulia juu ya namna jicho linavyoona. Aliweka taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza, akazifunika moja moja, akaona doa la kila taa likitoweka ukutani inapofunikwa. Kwa majaribio ya namna hiyo alionyesha jinsi nuru inavyosafiri kwa mstari ulionyooka.

Vipi basi warithi wa elimu hii wawe ndio wepesi zaidi wa kupitisha ujumbe usio na mpokezi anayejulikana?

Tunashauri maswali manne yaulizwe kabla ya habari yoyote ya sayansi kusomwa msikitini. Kwanza, ni nani aliyesema, kwa jina lake na mahali anapofanya kazi? Neno "wanasayansi" peke yake ni sawa na mpokezi asiyejulikana. Pili, ilichapishwa wapi na mwaka gani? Tatu, je, wengine wamelijaribu jambo hilo wakapata matokeo yaleyale? Nne, je, maneno yametimia, au kuna darubini iliyoanguka njiani? Na ikiwa habari inahusu dawa, asiache mtu tiba aliyopewa hospitali mpaka amemuuliza daktari wake.

Kazi hii haihitaji fedha. Katika safu zetu za swala wamo walimu wa fizikia na baiolojia, wauguzi, mafundi wa umeme na wanafunzi wa vyuo vikuu, na ni mara chache sana kuwauliza jambo. Imamu au khatibu anayetaka kutaja ugunduzi katika khutba ya Ijumaa na amwite mmoja wao siku ya Jumatano. Kamati ya msikiti inaweza kuwapa vijana hao nafasi ya darsa moja kwa mwezi, wakaeleza habari zilizothibiti na kubainisha zilizozuliwa. Na ikidhihirika kwamba jambo lililosemwa juu ya mimbari halikuwa sahihi, lisahihishwe juu ya mimbari ileile. Kufanya hivyo hakumshushi khatibu, bali kunawafanya vijana wamwamini zaidi.

Maajabu ya kweli hayajapungua hata tuhitaji kuzua. Mtikisiko uliosafiri zaidi ya miaka bilioni moja ukanaswa na vyombo vya binadamu, na jani lililomwokoa mtoto na homa, vinatosha kumfanya mwenye akili amtukuze Muumba wake. Tuyasimulie hayo, na tuyasimulie kama yalivyo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, atuzidishie elimu yenye manufaa, na azilinde ndimi zetu na kila tusilolijua. Amin.

Wabillahi tawfiiq.